Nyumba ya Miti na Udongo: Habari za Nyumba Aliyozaliwa Shakespeare

Baada ya kuwatolea wanachama hesabu ya fedha na habari za kazi za mwaka, yafaa kitabu hiki kiwape pia jambo la kusoma wakati wa jioni, wakiwa wamepumzika pamoja na watu wa nyumbani mwao. Safari hii tumechagua habari za nyumba moja. Nyumba yenyewe si jumba la mfalme, wala si ngome ya vita. Ni nyumba ya fundi wa ngozi, mtu wa mji mdogo, iliyosimamishwa kwa miti ikakandikwa kwa udongo. Walakini imekwisha kuishi zaidi ya miaka 400, na watu wa mataifa yote husafiri mbali kwenda kuitazama.

Tuna sababu ya kuichagua. Wako wengi miongoni mwetu waonao haya kutaja nyumba za udongo walimozaliwa. Mtu akipata kazi mjini na kulala chini ya bati, mara husema kwamba nyumba ya fito na udongo ni kitu cha ujinga, kisichofaa kukumbukwa. Neno hilo tumelisikia kwa wageni kwanza, na sasa twalisikia kwa watoto wetu wenyewe. Basi yafaa wasomaji wetu wajue ya kuwa mshairi mkuu kuliko wote wa Waingereza alizaliwa katika nyumba ya namna hiyo, na ya kwamba Waingereza, badala ya kuionea haya, waliichangia fedha ili isipotee.

Mji na mwenye nyumba

Mji wa Stratford-upon-Avon uko katikati ya nchi ya Uingereza, kando ya mto Avon, katika jimbo la Warwick. Katika karne ya 16 ulikuwa mji wa soko. Wakulima wa mashamba ya jirani walileta hapo nafaka, sufu na ngozi, na mafundi wa mjini wakawauzia vitu vya kazi za mikono. Barabara moja ya mji huo huitwa Henley Street, na katika barabara hiyo ndipo ilipo nyumba tunayoisimulia.

Mwenye nyumba aliitwa John Shakespeare. Kazi yake ilikuwa kulainisha ngozi nyeupe na kushona glavu, na pamoja na hayo alifanya biashara ya sufu. Mara ya kwanza jina lake kuonekana katika daftari za mji ni mwaka 1552, na habari yenyewe si ya sifa: alitozwa faini ya shilingi moja kwa sababu aliweka lundo la takataka katika barabara ya Henley Street. Kwa faini hiyo twajua ya kuwa mwaka ule alikuwa amekwisha kukaa hapo. Mwaka 1556 alinunua nyumba katika barabara hiyo, na mwaka 1575 akanunua nyumba nyingine kwa pauni 40. Kati ya miaka hiyo alipanda daraja katika baraza la mji, hata mwaka 1568 akachaguliwa kuwa mkuu wa mji mzima. Hivyo mtu aliyetozwa faini kwa uchafu ndiye aliyekuja kuwasimamia wenziwe katika usafi na sheria.

Mkewe, Mary Arden, alikuwa binti wa mkulima mwenye mali. Walizaa watoto wanane. Wawili wa kwanza, wote wasichana, walikufa wangali wadogo. Wa tatu alikuwa mwana wa kiume, William, aliyebatizwa tarehe 26 Aprili, 1564. Miezi mitatu haijatimia, ugonjwa wa tauni ukaingia mjini na kuua watu wengi. Mtoto yule akasalimika. Hapana hati inayosema kwamba alizaliwa katika chumba fulani; lakini baba yake alikuwa akikaa katika Henley Street, na mapokeo ya watu wa mji yamekionyesha chumba cha juu kuwa ndicho cha kuzaliwa kwake.

Jina la William Shakespeare si geni kwetu sisi wa Afrika ya Mashariki. Vijana wetu wengi wamesoma michezo yake shuleni. Mwalimu Julius Nyerere aliufasiri mchezo wa Julius Caesar kwa Kiswahili, ukachapishwa mwaka 1963, na mwaka 1969 ukatoka ule wa Mabepari wa Venisi. Tena wasomaji wa Mombasa yafaa wakumbuke jambo moja. Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, William alikuwa mtu wa miaka 29. Yaani ngome ile ya mawe ni changa kuliko nyumba hii ya miti na udongo.

Jinsi ilivyojengwa

Kwanza tueleze miti. Seremala wa Kiingereza wa karne ile alipenda mwaloni kuliko miti yote. Kwa nyumba ya Henley Street mialoni ilitoka katika msitu wa Arden, ambao haukuwa mbali na mji. Mwaloni hukua polepole, na mti wenye kufaa nguzo kubwa hupata umri wa miaka mingi kabla ya kukatwa. Walioupanda au kuulinda hawakuwa ndio walioutumia.

Mwaloni ulichongwa ukiwa mbichi, maana ukikauka huwa mgumu kama chuma na kuvunja makali ya shoka. Mafundi hawakuanza kazi mahali pa kujengea. Waliilaza miti chini katika uwanja wao, wakaipima, wakaikata na kuiunganisha ukuta mmoja mmoja. Ncha ya mti mmoja ilichongwa kama ulimi, na katika mti wa pili likatobolewa tundu la kuupokea ulimi huo. Kisha palitobolewa kitundu kinachopita katika miti yote miwili, na ndani yake kikapigiliwa kigingi cha mwaloni. Misumari ya chuma haikuwa na kazi katika viungo hivyo. Kila kiungo kilitiwa alama kwa patasi, mti huu na mwenzake alama moja, ili wakati wa kusimamisha pasiwe na makosa. Halafu kiunzi chote kilifunguliwa, kikapakiwa juu ya magari ya kukokotwa, kikapelekwa mahali pake na kusimamishwa kwa nguvu za watu wengi. Mti mbichi ulipokauka ulijikunja na kukibana kiungo, na hivyo nyumba ikazidi kukaza kwa kadiri ilivyozeeka.

Miti hiyo haikuchomekwa ardhini. Kwanza palijengwa msingi mfupi wa mawe, na mawe ya nyumba hii yalitoka Wilmcote, kijiji cha jirani ambako ndiko kwao Mary Arden. Juu ya msingi huo ulilazwa mti mrefu, na juu ya mti huo zikasimamishwa nguzo. Hapa ndipo penye siri kubwa ya maisha marefu ya nyumba hii. Adui wa mti ni maji yanayopanda kutoka chini na maji yanayoshuka kutoka juu. Msingi wa mawe uliwazuia maadui wa chini, na paa lenye vichochezi vipana likawazuia wale wa juu. Kati ya hayo mawili mti waweza kukaa karne kwa karne.

Sasa tuje kwenye kuta. Baina ya nguzo na nguzo ilibaki nafasi tupu, nayo ilizibwa hivi. Vijiti vya mwaloni vilisimamishwa ndani ya nafasi hiyo, ncha zake zikiingia katika vitundu na mifuo ya mti wa juu na wa chini. Katikati ya vijiti hivyo zilisukwa fito nyembamba, kama vile mtu asukavyo kikapu. Kisha ulikandwa udongo wa mfinyanzi, ukachanganywa na samadi ya ng'ombe, majani makavu yaliyokatwakatwa na nywele za wanyama, ukatupwa juu ya zile fito kutoka pande zote mbili kwa wakati mmoja, mtu wa ndani na mtu wa nje wakielekeana, hata udongo ukashikana katikati. Ulipokauka ulisilibwa vizuri na kupakwa chokaa.

Je, msomaji, kazi hiyo huijui? Bila shaka waijua. Ndiyo kazi ya mama zetu na baba zetu, bara na pwani. Pwani yetu, badala ya mwaloni, twatumia boriti za mikoko, ambazo tangu zamani majahazi yalizipakia kwetu na kuzipeleka hata Arabuni na Ghuba ambako miti ni adimu. Nguzo husimamishwa, fito hufungwa kwa kamba, udongo hukandwa kwa miguu, ukuta hukandikwa na kutomewa kwa vijiwe, kisha makuti huezekwa. Bara mti ni mwingine na majani ya paa ni mengine, lakini akili ni ile ile: mti huchukua uzito, na udongo huzuia upepo, joto na baridi. Watu wa Stratford na watu wa Afrika hawakufundishana. Kila mmoja aliangalia vitu ambavyo Mungu alimwekea karibu, akavitumia kwa busara.

Vyumba na matumizi yake

Nyumba ya John Shakespeare ilipangwa kwa urefu, ikielekea barabarani. Mwishoni upande mmoja kilikuwa chumba cha kupokelea wageni, chenye meko yake. Kilichofuata kilikuwa chumba kikubwa cha katikati, chenye meko mapana ya mawe, na hapo jamaa walipika, wakala na kuota moto. Baada yake palikuwa na ujia uliokata nyumba kutoka mlango wa mbele hata wa nyuma, na ng'ambo ya ujia huo kulikuwa na karakana ya mwenye nyumba, alikokata ngozi na kuuza glavu. Ngazi ilipanda kutoka chumba cha katikati kwenda juu, penye vyumba vitatu vya kulala. Chini sakafu ilikuwa ya mawe yaliyotandazwa.

Hapa tena mtu wa pwani hujiona kama yuko kwao. Nyumba ya Kiswahili nayo ina ukumbi unaokwenda moja kwa moja kutoka mlango wa mbele hata uani, na vyumba viko kuume na kushoto. Nayo pia huweka biashara na maongezi upande wa barabara, barazani, na mambo ya nyumbani upande wa nyuma. Hata vipimo vya vyumba hutawaliwa na sheria moja. Katika majumba ya zamani ya Lamu upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, kwa kuwa dari haiwezi kuvuka nafasi ambayo mti hauifikii. Vivyo hivyo seremala wa Kiingereza alipima chumba kwa mti aliokuwa nao. Nyumba ni mtoto wa msitu.

Tufahamu pia kwamba hii haikuwa nyumba ya maskini. Ilikuwa nyumba ya fundi aliyefanikiwa, mwenye nafasi ya kufanya kazi, kulea watoto wengi na kupokea wageni. Walakini mafanikio hayakudumu. Baadaye John aliingia katika madeni, akaacha kuhudhuria vikao vya baraza, na sehemu ya mali ya mkewe ikatoka mikononi mwao. Lakini nyumba ya Henley Street hakuiachilia. Alikufa mwaka 1601, na nyumba ikampata William.

Urithi

Wakati huo William alikuwa amepata mali kwa kazi yake ya michezo huko London. Mwaka 1597 alikuwa amekwisha kununua jumba kubwa pale pale Stratford, liitwalo New Place, kwa hiyo hakuihitaji nyumba ya baba yake kwa kukaa. Sehemu kubwa aliipangisha, na mpangaji akaigeuza kuwa nyumba ya wageni. Kijumba cha vyumba viwili kilichoongezwa ubavuni alikaa dada yake, Joan, ambaye mumewe aliitwa Hart. William alipoandika wasia wake mwaka 1616, mwaka aliokufa, hakumsahau dada huyo. Aliagiza akae pale maisha yake yote, kwa kodi ya shilingi moja kwa mwaka. Kodi ya namna hiyo si ya kutafuta faida. Ni alama tu ya kuonyesha nani mwenye mali. Tuone ajabu ya mambo: ile shilingi moja iliyokuwa faini ya baba kwa uchafu ndiyo iliyokuwa kodi ya binti kwa makazi.

Nyumba yenyewe ilimfikia Susanna, binti mkubwa wa William, kisha ikamfikia Elizabeth, binti wa Susanna. Elizabeth alikufa mwaka 1670 bila mtoto, na kizazi cha William kikakoma. Lakini aliirudisha nyumba kwa wajukuu wa Joan, watu wa ukoo wa Hart, nao wakawa wenyeji wake hata mwaka 1806, ndipo ikauzwa nje ya ukoo. Basi nyumba hii haikulindwa na uzao wa mwenye sifa, bali na uzao wa dada yake aliyekaa katika vyumba viwili vya ubavuni.

Jumba la New Place halikuwa na bahati hiyo. Lilijengwa upya mwaka 1702, kisha likaangukia mikononi mwa kasisi mmoja, Francis Gastrell. Wageni waliokuja kutazama mti wa mforosadi, ambao watu walisema ulipandwa na Shakespeare mwenyewe, walimchosha, basi akaukata. Tena aligombana na wakubwa wa mji juu ya kodi. Mwaka 1759 alilibomoa jumba zima. Watu wa mji walikasirika sana, lakini hasira haijengi. Jumba kubwa alilolinunua mshairi kwa mali yake lilipotea kwa hasira ya mtu mmoja, na nyumba ya udongo ya baba yake ikabaki.

Mnada wa mwaka 1847

Hata hivyo nyumba ya Henley Street nayo ilikaribia kupotea. Mwanzoni mwa karne ya 19 ilikuwa imegawanyika vipande. Sehemu moja ilikuwa kilabu cha pombe, na uso wake wa mbele ulikuwa umefunikwa kwa matofali, hata mpita njia asiweze kuona miti. Sehemu nyingine ilikuwa bucha, na nyama zilitundikwa dirishani. Wageni waliendelea kuja, kwa maana sifa za mshairi zilikuwa zimeenea. Walipanda ngazi kwenda kukitazama chumba cha kuzaliwa, wakaandika majina yao kutani, na wengine wakayachora kwa almasi juu ya vioo vya dirisha. Miongoni mwa majina yaliyochorwa kiooni ni ya waandishi Walter Scott na Thomas Carlyle. Hawa walikuja kwa kusudi la kuiheshimu nyumba, nao wakaacha makovu juu yake. Heshima isiyo na utaratibu nayo huharibu.

Mwaka 1847 nyumba ilitangazwa kuuzwa kwa mnada. Habari zilienea ya kuwa P. T. Barnum, Mmarekani mwenye maonyesho makubwa ya vitu vya ajabu, anataka kuinunua na kuisafirisha hata Marekani. Barnum mwenyewe aliandika baadaye katika kitabu cha maisha yake kwamba hilo ndilo lililokuwa shauri lake. Na jambo hilo liliwezekana, kwa sababu nyumba ya kiunzi cha miti, kama tulivyoeleza, iliunganishwa chini na kufunguliwa kabla ya kusimamishwa. Kitu kilichofunguliwa mara ya kwanza chaweza kufunguliwa mara ya pili.

Hapo watu wa Stratford na watu wa London waliamka. Kamati mbili ziliundwa, moja huku na moja huko, na michango ikatafutwa kwa watu wa kila daraja. Mwandishi Charles Dickens alikuwa mmoja wa walioiunga mkono kazi hiyo. Siku ya mnada ilipofika, mwezi wa Septemba, kamati zilisimama pamoja na kuinunua nyumba kwa pauni 3,000. Serikali haikuinunua, wala mfalme hakuitoa zawadi. Ni watu walioketi mezani, wakaweka mwenyekiti, mwandishi na mtunza fedha, wakapeleka barua, wakakusanya kidogo kidogo. Mwanachama wa chama chetu hahitaji kuelezwa kazi hiyo ni ya namna gani.

Kuitengeneza

Kununua kulikuwa mwanzo tu. Nyumba ilikuwa imebanwa na nyumba nyingine kuume na kushoto, na mji wa Stratford ulikuwa na historia mbaya ya moto. Uliungua mwaka 1594, ukaungua tena mwaka 1595, na mwaka 1614 nyumba 54 ziliteketea kwa siku moja. Basi wasimamizi waliona kwamba wasipoziondoa nyumba za pembeni, cheche moja ya jirani yaweza kuimaliza kazi yao yote. Fedha zilitoka kwa mzee mmoja, John Shakespear, mwalimu wa lugha za Kihindi, aliyejihesabu kuwa wa ukoo mmoja na mshairi. Alitoa pauni 2,500. Nyumba za pembeni zikanunuliwa na kubomolewa, na nyumba ya Henley Street ikasimama peke yake kama tuionavyo katika picha.

Matengenezo yalifanywa kati ya mwaka 1857 na 1864. Matofali ya uso wa mbele yaliondolewa, miti ikaonekana tena. Madirisha ya darini yaliyokuwa yamepotea yalijengwa upya kwa kufuata picha iliyochapishwa mwaka 1769. Nguzo zilizooza zilibadilishwa, na zilizo nzima zikaachwa mahali pake. Mwaka 1891 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuunda baraza la wadhamini wa kuishika nyumba hiyo kwa niaba ya watu wote, ili asitokee tena mtu mmoja wa kuiuza au kuibomoa.

Huenda msomaji akauliza: ikiwa udongo umekandikwa mara nyingi, na miti mingine imebadilishwa, je, nyumba ni ile ile? Twaona swali hilo hujibiwa vizuri na mtu aliyekaa katika nyumba ya udongo. Kila mwaka baada ya masika ukuta husilibwa, na kila baada ya miaka kadhaa paa huezekwa upya, wala hakuna asemaye kwamba nyumba ya babu imekwisha kuwa nyumba nyingine. Kiunzi ni kile, mahali ni pale, na watu ni wale. Nyumba ya udongo haidumu kwa sababu ni ngumu, bali kwa sababu kuna mtu wa kuiangalia. Wahenga walikwisha kusema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mambo ya kutufaa

Kwa habari hizi twaona mambo manne ya kuwaeleza wanachama wetu.

La kwanza, nyumba ya miti na udongo si aibu. Ikiwekewa msingi wa mawe, na paa likazuia mvua, yaweza kuwapita umri wajukuu wa wajukuu. Hatusemi kwamba watu wasijenge kwa mawe na saruji. Mwenye uwezo na ajenge. Twasema ya kwamba asidharau kazi ya mikono ya wazee wake, maana katika kazi ile mna elimu ya miti, ya udongo na ya maji, nayo haikuandikwa katika kitabu chochote. Mzee aijuaye akifa kabla ya kuulizwa, elimu hiyo huzikwa naye.

La pili, pasipo msitu hapana nyumba. Waliojenga Henley Street walikata mialoni ambayo wengine waliiacha ikue. Mikoko yetu na miti ya bara yataka kuhurumiwa vivyo hivyo. Akatae nguzo bila kupanda mche anakata nyumba ya mwanawe.

La tatu, maandishi. Yote tuliyosimulia twayajua kwa sababu watu waliandika: faini ya mwaka 1552, ubatizo wa mwaka 1564, wasia wa mwaka 1616. Waliyaandika bila kujua kwamba kijana wa nyumba ile atakuwa mtu mkuu. Nasi hatujui ni mtoto yupi wa mwanachama yupi ambaye dunia itakuja kuulizia nyumba yake. Basi kila jamaa na iandike nyumba yake ilijengwa mwaka gani, na fundi gani, juu ya ardhi ya nani, na nani amerithi. Hati ya namna hiyo huwaondolea ndugu ugomvi mwingi, na mjane hapati shida ya kutafuta mashahidi. Wasia wa William ulimlinda Joan kwa maneno machache tu. Wako wajane na madada wengi kwetu waliotolewa nje kwa sababu maneno machache kama hayo hayakuandikwa.

La nne, ushirika. Mtu mmoja mwenye hasira aliweza kuliangusha jumba la New Place, lakini watu wengi wenye senti zao waliweza kuiokoa nyumba ya udongo. Haba na haba hujaza kibaba. Wazee wa kamati zile za mwaka 1847 wamekufa wote, na wengi wao hatuyajui majina. Kazi waliyoifanya pamoja ingali imesimama barabarani, na miti yake yaonekana.

Twawatakia wasomaji kila mmoja nyumba yenye msingi mkavu, paa lisilovuja, na watu wa kuishika baada yake.